Kabla ya Kukata Bima, Ulizeni Rulenge

Ndugu zangu wa Nyakisasa,

  

Tumeupata ujumbe wenu kwamba kuna wakala amepita kijijini akinadi bima ya afya ya kampuni binafsi, nanyi mnataka tulio nje tuwakatie wazee. Wazo hilo naliunga mkono. Tumezoea kuchangishana mgonjwa akiwa tayari kitandani, huyu ametuma, yule anasubiri mshahara. Bima hulipwa watu wakiwa wazima. Ila anayeishi kijijini huanza na hospitali anayoweza kuifikia, ndipo atafute kadi inayopokelewa hapo. Mawakala hutuanzisha upande wa pili: kadi kwanza, hospitali baadaye.

Orodha ya vituo katika vipeperushi vyao mara nyingi hujaa majina ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Mama akipandwa na presha usiku, atapelekwa zahanati, kisha hospitali ya Rulenge, au Murgwanza, au Biharamulo, kutegemea gari lililopatikana. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mtu mmoja aende Rulenge, aulize kwenye dirisha la bima: kadi ya kampuni hii mnaipokea? Mara ya mwisho mmemtibu lini mgonjwa mwenye kadi hiyo? Majibu ya karani huyo yana uzito kuliko ahadi za wakala.

Hata kadi inayopokelewa leo si ya kuaminiwa milele. Machi 2024 baadhi ya hospitali kubwa binafsi nchini Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), baada ya kutokubaliana na mfuko huo kuhusu bei mpya za huduma. Kama mfuko wa taifa ulifikwa na hayo, kampuni yenye wanachama wachache wilayani haina kinga. Chagueni kadi inayokubalika katika vituo viwili au vitatu mnavyovifikia, msitegemee kimoja.

Jambo la pili ni rufaa. Mgonjwa akizidiwa huenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au hospitali ya kanda ya Chato. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko kwenye njia ya Mwanza, lakini mafuta ya gari bado ni pesa. Ulizeni: bima inalipia gari la wagonjwa? Inalipia Bugando bila kibali kutoka makao makuu? Kibali hutolewa usiku na Jumapili?

La tatu ni masharti ya umri na maradhi. Kampuni nyingi binafsi huweka ukomo wa umri wa kujiunga, na maradhi uliyoingia nayo, kama kisukari, ama huyaacha nje ama huyawekea kipindi cha kusubiri. Sababu yake tuliiona kwenye Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF. Kwa Sh 50,400 kwa mwaka, wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, mfuko ukaelemewa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Basi msifiche ugonjwa kwenye fomu. Kampuni ikigundua, itakataa kulipa, na sheria itakuwa upande wake.

Msisahau pia kulinganisha na bima za umma. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, na ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kata utaratibu wa sasa na ada yake. Tena sera yetu inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, katika vituo vya serikali. Kinachowasumbua zaidi ni dawa zinapokosekana dirishani. Bima binafsi isiyolipia dawa za duka la nje itakuwa haijawasaidia palipo na shida yao.

Huku Ujerumani niliko, bima ya afya ina sheria tangu 1883, na takriban watu 9 kati ya 10 wako kwenye mifuko ya umma. Hata hivyo vijiji vingi vinalia kwa uhaba wa madaktari. Kadi haimleti daktari kijijini.

Ombi langu basi ni hili. Mwambieni wakala awape mkataba wenyewe kwa Kiswahili, mhakikishe Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) inaitambua kampuni, mwende Rulenge na Biharamulo mkaulize, kisha mtuandikie majibu. Kadi ikipita mtihani huo tutailipia mwaka mzima kwa mkupuo. Isipopita, tuwaandikishe wazee kwenye bima ya umma, na pesa itakayobaki tuiweke akiba ya dawa na gari.



Ndugu yenu wa ughaibuni