SHAHADA YA MISITU: NANI ALIPE?



Kwenye nyumba za reli, tangu hapa Longonot hata Nakuru, kuna ubishi. Mtoto akiitwa chuo kikuu kusomea misitu, je, mzazi auze kipande cha shamba? Wengine husema misitu ni kazi ya jembe, haitaki shahada. Wengine husema shahada ni shahada, hata tukilala njaa. Sisi tunasema wote wamekosea.

Kwanza tuwajibu wenye kudharau elimu hiyo. Treni za kwanza zilizopita bonde hili zilikula kuni, hata ikabidi mikaratusi ipandwe kwa ajili ya injini. Reli na msitu ni jirani wa zamani. Na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, upande wa Kijabe ya Zamani, mfereji unaopita chini ya tuta la reli uliziba. Maji yakajaa nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yakapasua njia, yakashuka na matope na magogo mpaka Mai Mahiu, yakaua watu zaidi ya 40. Sisi wa mtaimbo twaweza kurudisha reli mahali pake. Lakini nani atatuambia mteremko upi usiguswe, na udongo upi unataka mizizi ya kuushika? Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea misitu. Jembe hupanda mti. Maarifa hujua uote wapi.

Nchi ilijua hayo zamani. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi, cha pili cha umma katika Kenya, hakikuanza na wanasheria. Kilianza na wanafunzi 83 wa misitu waliotoka Nairobi.

Sasa tutazame gharama. Mpango wa karo wa mwaka 2023 uligawa jamaa katika mafungu matano. Fungu la chini jamaa walipangiwa kulipa 5 kwa 100, la juu 40 kwa 100, na kando yake kulikuwa na mkopo ambao mtoto angeulipa mwenyewe. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unavunja Katiba, na kesi ikapelekwa rufani. Wanaobishana ni mawakili. Anayetafuta karo ni mzazi. Tena mwenye hati ya mshahara hana pa kujificha, kila senti yake inaonekana. Mwenye mali ya gizani hujiandika maskini.

Baada ya miaka minne mtoto anarudi na karatasi yake. Mwajiri mkubwa wa kazi hiyo ni Serikali. Isipomwita, atakwenda wapi? Fundi viatu hukaa kando ya njia akapata riziki, lakini mwenye shahada ya misitu hawezi kufungua msitu wake sokoni.

Mwaka 2022 Serikali iliahidi miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Vema. Lakini mche usio na mtunzaji ni kuni za kesho. Vibarua wa siku moja na picha za wakubwa wakishika miche havioteshi msitu. Kama miti hiyo ni ya kweli, watunzaji wake wasomeshwe na waajiriwe.

Kwa hiyo, ndugu, tunasema mambo matatu.

Moja: usiuze shamba. Ukiuza shamba ili mtoto asomee miti, ataipanda wapi?

Pili: Londiani, kwenye njia yetu ya kwenda Kisumu, pana Chuo cha Misitu tangu mwaka 1957, chenye kutoa cheti na diploma. Kuanzia hapo si aibu. Mtoto akishika kazi kwanza, shahada ataifuata na mshahara wake mkononi.

Tatu: tuipeleke karo kwenye meza ya majadiliano. Chama kidai msaada wa masomo kwa watoto wa wafanyakazi. Tena tuidai Serikali iwalipie wanaosomea misitu, nao waitumikie nchi kwa miaka itakayopatanwa.

Shahada ya misitu ina thamani. Lakini mvua ya msitu hunyeshea mashamba ya wote, na deni lake haliwezi kuwa la mfanyakazi mmoja. Njooni mkutanoni tuseme kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu!