Shabiki wa Mara hana kesi hapo

Ndugu mwandishi anadai timu ya soka ya Biashara United iliuawa na mashabiki wa Musoma: midomo mirefu, mikono ya birika. Amegonga mlango usio wake. Oktoba 2021 timu iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 jijini Dar es Salaam, mbali na uwanja wetu wa Karume, Musoma. Wiki iliyofuata, safari ya marudiano Libya ikakwama kwa kukosa vibali. CAF ikaitoa mashindanoni. Kelele za nani ziliizuia ndege? Mtu wa Bunda au Butiama anayebanana kwenye haisi kuja uwanjani humtukana mwamuzi, ndiyo, na akirusha chupa afungiwe. Lakini vibali vya safari havikuwa mfukoni mwake. Msimu uleule timu ikashuka daraja. Waulizwe wa ofisini kwanza.