Msichana aliyeachwa asome, ushirika utoe sehemu yake



Kila mara tunapoongea juu ya kusaidia shule inayopokea wasichana walioachwa, jibu ni lile lile: «Masomo si ni bure?» Ndiyo, tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Lakini bure ile ni ya karo tu. Haimpi mtoto bugali ya jioni, wala kitanda, daftari au sabuni. Mwenye mama anavipata nyumbani. Yule ambaye baba yake alienda kutafuta dhahabu upande wa Salamabila asirudi, mama naye akaolewa kwingine, atavipata wapi? Na akifika sekondari, feza inaanza kuombwa tena.

Sisi tunaona hii ni kazi ya ushirika. Tusingoje mradi, juu mradi una mwisho wake na mtoto anakula kila siku. Tunaomba kidogo: siku ya kupima mupunga kwenye depo, kila mwanachama atoe makopo mawili kwa kila gunia, kabla ya kuuza, na karani aandike. Kungoja faida ya mwisho wa mwaka hapana; wote tunajua namna inavyoyeyuka. Muhogo na mafuta ya ngazi vilevile, kila mutu kadiri ya mavuno yake. Ghala lifungwe kwa kufuli mbili, funguo moja kwa mama wa ushirika, nyingine kwa mwalimu.

Wengine wanasema: tukiwalisha, waje wapalilie mashamba yetu. Hilo tunalikataa. Shamba la shule baada ya masomo, sawa, wajifunze. Kumtoa mtoto darasani wakati wa magugu ni kumnunua kwa chakula. Na ninyi mnaowaposa wakiwa na miaka 14, sheria ya 10 Januari 2009 inakataza kuoa mtoto aliye chini ya miaka 18.

«Ni batoto ya wengine,» mnasema. Livingstone alipofika hapa Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa, wengi wao wanawake. Hata leo ni wanawake wanaobeba mavuno yetu sokoni. Asiyejua kusoma mizani anapunjwa, na kilo zinazopotea ni zetu wote.

Kabla ya kuvuna, kila kamati ilete jambo hili kwenye mkutano mkuu, na idadi ya makopo iandikwe kwenye kitabu cha ushirika.