Dawa za Kolestro na Wazee Wetu Kilifi: Usimwachishe Babu Tembe Juu ya Fowadi ya WhatsApp

Kama uko kwa grupu la WhatsApp la familia, iwe ni ya Malindi, Watamu ama Mtwapa, hii stori ushaiona ama iko njiani: dawa za kolestro zinakula ubongo wa wazee, wakizimeza wanaanza kusahau, bora kitunguu saumu na ndimu. Kabla hujafika mwisho, mtu ashasema mwambieni babu aache hizo tembe leo leo.

Maze, tulia kwanza. Hiyo stori ina chembe ya ukweli, lakini imepindwa vibaya. Na hapa Kilifi, mzee akianza kusahau, hatari si ugonjwa peke yake.

Dawa zenyewe zinaitwa statini. Atorvastatini na simvastatini ndizo utapata kwa maduka mengi ya dawa. Kazi yake ni kulizuia ini lisitengeneze kolestro nyingi, ndio mishipa ya damu isizibe na mzee asipigwe na kiharusi ama mshtuko wa moyo. Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza kwa kuvu miaka ya 1970, na Marekani ikaanza kuruhusu dawa hizi mwaka 1987. Si dawa ya jana.

Chembe ya ukweli iko wapi? Februari 2012, FDA, wale wanaosimamia dawa Marekani, waliagiza maelezo ya statini yaongezwe onyo: kuna watu walioripoti kusahau na kuchanganyikiwa. Lakini wenye fowadi wanaruka sehemu ya pili. FDA hao hao walisema kwa ujumla hali hiyo haikuwa kali, na iliisha dawa ikisimamishwa. Hawakusema statini inaleta Alzheimer.

Na wazee wamepimwa. Utafiti mmoja wa Ulaya uliotoka 2002 ulichukua watu 5,804 wa miaka 70 hadi 82, nusu wakapewa statini, nusu tembe isiyo na dawa. Baada ya miaka kama mitatu, akili za makundi yote mawili zilikuwa sawa tu.

Sasa vipi mzee ambaye tayari ni mgonjwa? Mwaka 2011 yalitoka majibu ya wagonjwa 406 wa Alzheimer waliofuatiliwa kwa miezi 18. Simvastatini haikuwaponya, na haikuwazidishia ugonjwa pia. Mwaka 2022 Uingereza ikatoa majibu ya wagonjwa 235 wa Parkinson: dawa haikupunguza kasi ya ugonjwa. Kwa hivyo anayekuuzia statini kama tiba ya kusahau anakubeba ufala, na anayesema inaua ubongo hana ushahidi.

Turudi nyumbani. Kilifi kuna wazee wameuawa wakiitwa wachawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze kuokoa maisha. Mzee anayeongea peke yake, anayepotea njia usiku na kuingia boma la jirani, ni mtu wa kupelekwa hospitali. Lakini kijijini anaweza kupewa jina lingine kabla hata hajaonwa na daktari. Sasa fikiria: umemwachisha tembe, mishipa inaziba, anapata viharusi vidogo vidogo. Viharusi ni moja ya njia kubwa za mtu kupoteza kumbukumbu. Umemkinga na kusahau kwa kumsukuma huko huko.

Hiyo haimaanishi statini haina shida. Inaweza kuuma misuli. Mkojo ukigeuka rangi kama chai ya rangi, kimbia hospitali, usingoje kesho. Simvastatini haiendi na juisi ya balungi nyingi, wala na antibiotiki kama klarithromaisini, kwa sababu dawa inajaa mwilini kupita kiasi. Na hapa ndio vijana mnahitajika: mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kushindwa kukwambia miguu inamuuma. Wa Parkinson tayari amekakamaa, kwa hivyo maumivu mapya yanaweza kudhaniwa ni yale ya zamani. Akianza kukataa kuinuka ama kutembea ghafla, mwambie daktari.

Kuna wakati pia daktari mwenyewe anaweza kusema tuache: mzee amezeeka sana, kumeza ni shida, dawa ni rundo. Hiyo ni sawa, amepimwa na ameangaliwa. Ni tofauti na kuachishwa na binamu aliye Nairobi ambaye hajamwona tangu Krismasi.

Siku ya kliniki, weka dawa zote za mzee kwa mfuko mmoja, hata za mitishamba, uende nazo. Uliza maswali matatu: hii ni ya nini, inagombana na gani, na bado anaihitaji? Kama kusahau kulianza baada ya dawa mpya, sema ni lini kulianza. Daktari anaweza kuisimamisha kwa muda aone, ama abadilishe.

Na wewe uliye na miaka 25, kolestro inakuhusu. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet liliweka kolestro mbaya ya umri wa kati kwa orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Ukimpeleka babu, ukifika umri wa kupimwa, pimwa na wewe.