Notre-Dame ya wapi?

Moto ulipoteketeza paa la kanisa kuu maarufu la Paris, tarehe 15 Aprili 2019, redio na magazeti yetu yalilitaja kwa jina fupi: Notre-Dame. Kila mtu alielewa. Lakini jina hilo ni nusu tu.

Notre-Dame ni Bibi Yetu, na Bibi mwenyewe ni Bikira Maria. Neno dame limetokana na domina la Kilatini, yaani mwanamke mwenye mamlaka, na ndilo lililozaa pia madame, anavyoitwa mteja wa kike dukani Paris hadi leo. Katika zama za makabaila na watwana, kumwita Maria hivyo kulikuwa kumpa heshima anayopewa bibi mwenye ngome.

Heshima hiyo haikuwa ya mji mmoja. Chartres wana Notre-Dame yao, vilevile Amiens, Laon, Rouen, na Reims walikotawazwa wafalme wa Ufaransa. Ile ya Paris, iliyoanza kujengwa mwaka 1163 wakati wa Askofu Maurice de Sully, ni mmoja wa ukoo huo mkubwa. Mwenye jina yumo ndani: sanamu ya mawe ya karne ya 14, Maria na taji kichwani, mwanawe mkononi. Mnara wake uliochongoka ulipoanguka katika moto ule, dari ya mawe ikaporomoka karibu naye. Yeye akabaki wima kwenye kifusi.

Nani basi aliukata mji kwenye jina? Si Victor Hugo. Riwaya yake ya mwaka 1831 aliiita Notre-Dame de Paris. Ni Waingereza waliomweka mhusika wake mwenye kibyongo kwenye jina la jalada na kuiondoa Paris, nasi habari nyingi za Ulaya hutufikia kwa Kiingereza.

Huko Marekani, ukisema Notre Dame wengi wanawaza mpira wa Kimarekani, kwa sababu ya chuo kikuu cha jina hilo kilichoko Indiana, kilichoanzishwa mwaka 1842 na padri Mfaransa, Edward Sorin. Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kinshasa kuna Notre-Dame du Congo. Bukavu, mji wa Waswahili wenzetu wa Kongo, kanisa kuu ni Notre-Dame de la Paix, Bibi Yetu wa Amani. Msomaji wa huko akikuta gazetini “Notre-Dame yaungua”, ana haki ya kushtuka na kuchungulia dirishani.

Wahariri waandike Notre-Dame ya Paris. Nafasi ya maneno mawili haikosekani.