Kimemo kinapotangulia ofisini

Mmoja wetu katika meza hii ya uhariri alianza kazi yake ya kwanza katika kampuni moja kubwa jijini Dar es Salaam, kitengo cha uhasibu. Waliajiriwa watatu siku moja, shahada sawa, mshahara sawa. Mmoja wao alikuwa mpwa wa mkubwa fulani pale pale. Kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, kazi ya kukaa hadi saa nne usiku, ilikuwa ya wale wawili. Safari za Arusha na Mwanza zenye posho zilikuwa za mpwa. Ripoti aliyoiandika mwenzetu ilisomwa mbele ya wakubwa na mpwa. Miezi sita ilipotimia, mpwa alithibitishwa kazini, wenzake wakaongezewa muda wa majaribio bila maelezo. Mwenzetu alipouliza, bosi alimjibu: "Kijana, una haraka ya nini?"

Mambo haya si mageni kwa msomaji wetu. Watanzania tumeyapa hata jina, undugunaizesheni, na tunalitamka huku tukicheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Anayeanza kazi haumii kwa posho tu. Anajifunza mapema kwamba jasho halihesabiwi. Akishalijua hilo, ama anajipendekeza, ama anakaa kutimiza saa. Kampuni inakuwa imempoteza huku bado inamlipa.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, mahali mtu atokako, dini, jinsia, ujauzito na mingineyo, na inagusa hata mafunzo na kupandishwa vyeo. Lalamiko la namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. La kuachishwa kazi, siku 30. Wengi huzijua siku hizo zikiwa zimekwisha. Lakini tuseme ukweli: ukirukwa kwa kabila lako una pa kushika, ila ukirukwa kwa sababu tu huna mjomba ofisini, utahangaika sana. Angalau omba kwa maandishi sababu ya kuongezewa majaribio, na utunze barua pepe zako.

Na sisi tulioko ughaibuni? Hapa Uingereza tunaijua vizuri Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayomruhusu mtu kudai haki dhidi ya ubaguzi tangu siku yake ya kwanza kazini. Tukinyimwa cheo London au Leicester kwa ajili ya rangi yetu, tunapiga kelele, na ni haki yetu. Jioni hiyo hiyo tunampigia rafiki aliye meneja nyumbani: "Kuna mdogo wangu kamaliza chuo, hebu mwangalie." Zamani kimemo kilikuwa karatasi, leo ni ujumbe wa simu. Tunaona tunasaidia familia. Hatumuoni mtoto wa mkulima wa Singida, aliyefaulu usaili, ambaye nafasi yake tumeichukua kwa maongezi ya dakika tatu.

Mwenzetu yule aliacha kazi baada ya mwaka na nusu. Mwezi uliopita shemeji yake wa Morogoro alimwandikia kuhusu kijana wake anayetaka kazi benki, amtafutie mtu. Mwenzetu alimtumia tangazo la kazi, akaahidi kuipitia barua ya maombi. Shemeji hajajibu mpaka leo.