Themostati Si Mali ya Nchi za Baridi

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, zile za chini ya mwembe na hata zile zenye kuta na paa, haikosi kuonekana themostati iliyotupwa. Ni kifaa kidogo cha chuma na shaba kinachoenea katika kiganja cha mkono. Fundi huking'oa kutoka katika injini iliyochoka, hukitupa mchangani, kisha humwambia mwenye gari maneno yaleyale: kifaa hiki kiliwekwa kwa ajili ya Ulaya, huku kwetu joto lipo la kutosha. Mwenye gari hukubali, hulipa, huenda zake. Hata mimi nilikubali hivyo hivyo, ingawa nilikuwa mwalimu wa fizikia.

Maoni yangu ni kwamba mazoea haya ni kosa la kisayansi, na kwamba lawama yake si ya mafundi peke yao. Sehemu kubwa ni yetu sisi walimu, tunaoziandika sheria za joto ubaoni na kuziacha hapo hapo ubaoni.

Niruhusuni nieleze yaliyonipata. Gari langu lilikuwa kuukuu, na lilikuwa limeanza kuchemsha. Fundi alilifungua, akang'oa themostati, akajaza maji ya bomba, akasema tatizo limekwisha. Kwa majuma kadhaa mshale wa geji ya joto ulilala chini, nami nikaamini kwamba gari limepona. Kisha nikasafiri kwenda Iringa pamoja na kijana mmoja wa kidato cha tatu niliyekuwa nikimfundisha. Tulipofika katikati ya mlima Kitonga mshale ulipanda hadi mwisho, na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nilisimamisha gari, nikachukua dumu, nikaenda kutafuta maji. Huku nyuma yule kijana, kwa moyo mwema wa kutaka kusaidia, alijifunga kitambaa mkononi akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalimrukia, yakamwunguza mkono kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alipona, lakini kovu angali analo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Majuma machache kabla ya safari ile, kijana huyo alikuwa amejibu sawasawa swali la mtihani lililouliza kwa nini maji yaliyo chini ya kanieneo kubwa huchemka katika joto lipitalo nyuzi 100 za sentigredi. Alama zote nilimpa mimi. Jibu alilijua, lakini hakuna aliyepata kumwonyesha kwamba swali hilo limo ndani ya kila rejeta.

Na tuliangalie basi jambo lenyewe. Katika injini ya petroli takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa kazi ya kuendesha gari. Theluthi nyingine, au zaidi kidogo, hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huchukuliwa na maji ya kupozea. Gesi iwakayo ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000, joto la kutosha kuyeyusha chuma. Kinachoiokoa injini ni maji yazungukayo nyuma ya kuta za silinda: huchukua joto, husukumwa na pampu hadi kwenye rejeta, hupozwa na upepo, kisha hurudi.

Themostati ni lango katika njia hiyo. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, nta huwa ngumu na lango hufungwa, hivyo maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate joto upesi. Joto linapofikia kiwango kilichopigwa chapa juu ya kifaa chenyewe, mara nyingi nyuzi 82 au 88, nta huyeyuka, hupanuka, husukuma kijiti, na lango hufunguka.

Sasa tuipime ile hoja ya nchi za joto. Asubuhi ya Dar es Salaam yaweza kuwa na nyuzi 26, na asubuhi ya majira ya baridi huko Ulaya yaweza kuwa na nyuzi sifuri. Lakini injini zote mbili zimeundwa kufanya kazi maji yake yakiwa karibu na nyuzi 90. Hata ile ya Dar es Salaam, basi, inapowashwa bado imepungukiwa na nyuzi zaidi ya 60. Themostati haiulizi hali ya hewa ya nchi. Hupima maji yaliyomo ndani ya injini.

Injini iliyonyang'anywa lango hili hukawia kupata joto, na katika safari fupi huenda isilipate kabisa. Petroli haigeuki yote kuwa mvuke. Sehemu yake huteremka katika kuta za silinda na kuiosha oili inayozilinda. Maji yatokanayo na kuungua kwa petroli hutonea ndani ya oili na kuifanya tope. Kwa hiyo pete za pistoni hulika mapema, na mafuta hutumika mengi kuliko inavyostahili. Katika magari yaongozwayo na kompyuta hasara huzidi, kwa sababu kompyuta huarifiwa kwamba injini bado ni baridi, nayo huamuru petroli zaidi.

Tusimdhulumu fundi hata hivyo. Themostati hufa kama kifaa kingine chochote. Lango likikwama hali limefungwa, injini huchemsha upesi, na kuling'oa huituliza. Fundi aliyeyaona hayo ameona kweli. Kosa lake ni kulichukua tukio la gari moja akalifanya sheria ya magari yote. Dawa ya themostati iliyokufa ni themostati mpya ya kiwango kilekile, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuchonga upya silinda.

Themostati ya gari langu haikuwa imekufa. Baadaye niligundua kwamba mirija ya rejeta ilikuwa imezibwa na kutu na chokaa, kwani kwa miaka mingi nilikuwa nikijaza maji yoyote niliyoyapata. Kung'oa themostati kuliushusha mshale katika barabara tambarare, na kwa njia hiyo kukauficha ugonjwa mpaka tulipofika mlimani.

Mwenye gari kuukuu afanye nini basi? Apime kabla ya kufungua, naye aanze na lililo rahisi. Injini ikiwa baridi kabisa, na atazame kama maji yamejaa na kama mipira haivuji. Aubonyeze mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya mapuli mawili. Katika magari mengi ya zamani ukibonyea zaidi ya sentimeta moja hivi, umelegea. Aukague uso wa rejeta, maana wadudu, manyasi na matope huuzuia upepo. Kisha awashe injini na aushike mara kwa mara, kwa uangalifu na mbali na feni, mpira wa juu wa rejeta. Katika injini nyingi mpira huo hubaki vuguvugu kwa dakika kadhaa, halafu hupata moto ghafla. Hapo ndipo lango limefunguka. Ukipata joto polepole tangu mwanzo, lango liko wazi daima, au halipo. Injini ikikaribia kuchemka na mpira ungali baridi, lango limekwama, au maji hayazunguki. Endapo mapovu hutoka mfululizo katika maji ya rejeta, gasketi ya kichwa cha silinda imeungua, na hiyo ni kazi ya fundi hodari.

Themostati inayoshukiwa hupimwa kwa sufuria. Itundikeni kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini, na kando yake tundikeni kipimajoto cha maabara. Pasheni maji moto taratibu, mkiandika joto ambalo lango linaanza kufunguka, na joto ambalo limefunguka kabisa. Tofauti ya kawaida ni nyuzi 10 hadi 15. Hapa shule za nyanda za juu zina jambo la kuzingatia. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji katika sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94. Themostati ya nyuzi 88 itaanza kufunguka, lakini haitamaliza. Mwanafunzi asiyefikiri ataihukumu kuwa mbovu. Anayefikiri atakuwa amejifunza jambo jipya juu ya kanieneo ya hewa.

Ndani ya gari hali ni tofauti, kwa sababu kifuniko cha rejeta huongeza kanieneo. Kifuniko cha baa 1 huwezesha maji ya usawa wa bahari kufika karibu na nyuzi 120 bila kuchemka. Ukikifungua kingali cha moto, kanieneo hiyo hutoweka mara moja na maji hugeuka mvuke kwa kishindo. Kwa hiyo gari linapochemsha, zima injini, fungua boneti, kaa mbali, na subiri mpaka rejeta ipoe kabisa, hata kama itachukua saa nzima. Kitambaa si kinga. Wala usimwage maji baridi katika injini yenye moto, maana chuma hupasuka. Na unapojaza, tumia kulanti, au angalau maji safi ya mvua, ambayo hayana chokaa.

Walimu wenzangu, shule nyingi hulalamika kwamba hazina vifaa vya maabara. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini themostati zilizotupwa zinapatikana katika gereji iliyo jirani, bila malipo, na sufuria haikosekani jikoni. Mwombeni fundi azilete mwenyewe, ashuhudie jaribio, na aeleze mbele ya darasa ayajuayo yeye ambayo vitabu havina. Nina hakika baadhi ya themostati hizo zitaonekana nzima, nanyi mtamwona fundi akizirudisha mfukoni.

Nilimwalika yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, katika jaribio la kwanza nililolifanya shuleni. Alisimama nyuma ya darasa mpaka lango lilipofunguka katika nyuzi 82. Kisha aliukunja mkono wa shati lake, akawaonyesha wanafunzi kovu, akaanza kuwaeleza habari za kifuniko.